Nehalennia Katika Gari Langu

Sikumpa mwanangu radhi. Naliandika hili mwanzo kabisa, kabla sijapata upenyo wa kulikimbia, kwani nimelikana kwa miaka minne mbele ya ndugu, majirani na wanawake wote ninaokutana nao misibani na harusini kuanzia Ibra mpaka Nizwa. Kila nilipoulizwa nilisema nilimsindikiza Rahma hadi mlangoni, nikampitisha chini ya msahafu, nikamwombea dua. Uongo. Siku aliyoondoka nilijifungia chumbani nikisahihisha insha za wanafunzi, na insha zenyewe nilikuwa nimeshazisahihisha tangu juzi yake.

Ukishakana hilo, inakubidi umkane na yule mwanamke mwenye mbwa, kwa sababu huwezi kumweleza yeye bila kueleza mlango. Basi naye nikamkana. Leo namkubali. Nilimpakia garini mwangu kwa mikono yangu, jua likiwa utosini, katika barabara ya kutoka Sur kwenda Ibra. Wapenzi wa majini ya usiku wa manane mtanisamehe. Wa kwangu alikuja saa saba mchana, wakati ambapo hata jini mwenye akili amelala.

Kwanza nikwambie mimi ni nani, usije ukadhani ni mtu wa kupandwa na mashetani kila Alhamisi. Nimesoma. Nimesoma mpaka imekuwa kero kwa jamaa. Wazazi wangu walitoka Unguja, mimi nimekulia huku Oman, nafundisha chuoni Nizwa, na ujanani nilipata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea dini za kale za watu wa kaskazini. Huko nikaandika tasnifu ya kurasa mia na arobaini juu ya jina moja tu: Nehalennia.

Alikuwa mungu wa kike aliyeombwa na wafanyabiashara wa baharini, pale mito mikubwa inapomwagikia bahari ya kaskazini, nchi inayoitwa Uholanzi leo. Kabla ya kung'oa nanga waliahidi: nikifika salama mimi na mzigo wangu, nitakuchongea jiwe. Wakifika, wakachonga. Bahari ilikuja ikaila ile pwani na mahekalu yake, na baada ya karne na karne wavuvi wakawa wanavuta nyavu wakidhani wamepata samaki, kumbe wamempata yeye. Wauza chumvi, wauza sosi ya samaki, wauza vyungu, kila mmoja na jiwe lake na shukrani zake. Miungu wenzake wameshika mikuki na nyundo. Yeye amekaa kitini, kijoho kifupi mabegani, kikapu cha matunda mapajani, na kando yake mbwa anamtazama usoni. Katika mawe mengine amesimama, mguu mmoja ameuweka juu ya gubeti, ncha ya mbele ya chombo, kama mama anayezuia mlango usijifunge kabla watoto wote hawajaingia.

Na maana ya jina? Hapo ndipo zilipoishia kurasa zangu. Wengine wanasema jina ni la Wajerumani wa kale, wengine wanasema la Waselti. Huyu anafasiri “aliye karibu na bahari,” yule “kiongozi,” mwingine “anayewasaidia wanaokufa.” Nikayapima yote, nikahitimisha kwa unyenyekevu mkubwa kwamba haijulikani. Nilipomweleza mama yangu, Mungu amrehemu, aliweka kikombe chini.

“Miaka minne Ulaya,” akasema, “unasoma jina la mungu wa makafiri, na maana yenyewe usiipate? Si ungeniuliza mie, nikakwambia sijui, ukarudi mapema?”

Simwabudu, astaghfirullah. Lakini kumpenda nilimpenda. Katika miungu yote niliyoisoma, ni yeye peke yake ambaye watu hawakumwomba awaue wengine. Walimwomba awarudishe nyumbani.

Sasa tazama kichekesho. Mimi huyu niliyetumia ujana wangu kuwasifu mabaharia waliokufa zamani, binti yangu wa pekee aliposema anataka kuwa afisa wa meli za gesi, nilimwambia bahari si mahali pa mwanamke.

“Na yule wako wa kwenye jiwe, Mama?” Rahma akaniuliza. “Yeye si mwanamke?”

“Yule ni jiwe.”

“Basi na mimi nitakwenda niwe jiwe.”

Alikuwa na ulimi, kama mama yake. Akasoma, akafaulu, akapangiwa meli. Asubuhi ya safari alikuja akasimama nje ya chumba changu. Dada yangu Zuwena alikuwa anamsubiri garini ampeleke Sur.

“Mama, nakwenda. Nipe radhi.”

“Nina kazi.”

“Mama.”

“Nimesema nina kazi, Rahma.”

Sisi watu wa Unguja hatumwachi msafiri akatoka hivi hivi. Mkubwa wa nyumba ananyanyua msahafu mlangoni, msafiri anapita chini yake, anaambiwa: nakuweka amana kwa Mwenyezi Mungu, ambaye amana hazipotei kwake. Hata anayekwenda Maskati kwa siku mbili anaambiwa. Msafiri lazima awe amekabidhiwa. Nilisikia viatu vya mwanangu vikishuka ngazi, taratibu, akinipa nafasi. Nafasi nilikuwa nayo tele. Sikutoka.

Wiki sita baadaye, mwezi wa Oktoba, Zuwena alinipigia simu. Mume wake anafanya kazi kwenye kiwanda cha gesi, na habari za meli humfikia kabla ya wengine. Meli ya Rahma ilikuwa imezimikiwa na mashine katikati ya dhoruba, karibu na pwani ya Uholanzi, na mawasiliano yamekatika. Nilimuuliza karibu na wapi hasa. Akanisomea kutoka kwenye karatasi. Nikakaa chini sakafuni. Ilikuwa ni mdomo wa mto ule ule ambao ramani yake niliichora mwenyewe kwenye ukurasa wa tisa wa tasnifu yangu.

Nilikwenda Sur nikakaa kwa Zuwena siku mbili bila kulala. Hakuna habari. Siku ya tatu shemeji yangu akasema, kwa upole, kwamba kukaa kwangu pale hakuisukumi meli. Nirudi Nizwa nikapumzike, atapiga simu. Nikatoka kabla ya adhuhuri. Mlangoni Zuwena aliniuliza, “Lakini radhi si ulimpa?” Nikasema, “Nilimpa.” Nikaingia garini.

Oktoba ni mwezi ambao huko kwingine joto limeshastaafu. Kwetu bado linakwenda kazini kila siku. Baada ya mji wa Kamil barabara ilikuwa tupu. Nikamwona mwanamke amesimama upande wa kulia, na mbwa.

Huku kwetu humpiti mtu aliyesimama juani barabarani, tena mwanamke, tena mzee. Nikasimamisha gari, nikashusha kioo, nikamtolea salamu kwa Kiarabu. Akanijibu kwa Kiswahili. Kiswahili cha mjini Unguja, cha zamani, kile alichokuwa akizungumza bibi yangu na ambacho wajukuu wake wamekibakisha vipande vipande. Nikafarijika, kumbe wa kwetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti nzito. Nikafungua mlango wa mbele.

Mbwa akaja naye.

“Mbwa hapana, bibi,” nikasema. “Nasali na nguo hizi.”

Mbwa alikuwa mwembamba, mrefu wa pua, ameketi mchangani ananitazama kwa adabu iliyonizidi.

“Mie siingii bila yeye,” akasema yule mwanamke.

“Basi nikuachie maji.”

“Maji ninayo, mwanangu.”

Nikaondoka. Ndiyo, nilimwacha. Nilijiambia kwamba dini ni dini, kwamba gari nyingine itakuja, kwamba mtu mwenye akili hatembei jangwani na mbwa. Nilikuwa hodari siku zile wa kumwacha mtu mlangoni na kupata sababu nzuri.

Nilikwenda zaidi ya nusu saa, mwendo wa kasi. Hakuna gari lililonipita. Nilipokaribia Bidiya, pale matuta ya mchanga yanapoanza kuonekana kushoto, nikawaona. Mwanamke, na mbwa. Upande ule ule wa kulia, wamesimama vile vile, hawana jasho wala vumbi.

Ungefanya nini wewe? Najua, ungesoma Ayat al-Kursi na kukanyaga mafuta. Niliisoma. Mguu ukakanyaga breki. Sikuuamuru. Nikashuka nikafungua mlango wa mbele, kisha wa nyuma. Mbwa akapanda kiti cha nyuma kana kwamba alishakilipia nauli.

Sasa nikamtazama mgeni wangu vizuri. Hakuvaa buibui wala abaya. Alikuwa na nguo ndefu na juu yake kijoho kifupi cha sufi nzito kilichoishia mabegani, kimefungwa kifuani kwa kishikizo. Katika joto lile! Kile kijoho nilikijua. Nilikiandikia sura nzima, ya tatu, sura ambayo msimamizi wangu alisema inachosha. Pindo la nguo lilikuwa limelowa maji na limefanya mstari mweupe wa chumvi, nasi tulikuwa mwendo wa saa nzima kutoka baharini. Mapajani ameweka kikapu cha matunda madogo ya mviringo, na mkono wake juu yake umetulia, kama wanavyotulia watu ambao hawajawahi kuharakishwa.

Hapo ulimi wangu wa Kizinjibari ukanitangulia. Sisi mgeni hajakaa vizuri tumeshamuuliza.

“Wewe wa nani, bibi? Jina lako nani?”

Akanigeukia polepole. “Mama yako hakukufundisha? Huku mgeni haulizwi jina kabla ya kahawa.”

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Ni kweli. Waarabu wa bara huku wana utaratibu wao: mgeni anakunywa kahawa kwanza, halafu ndiyo anaulizwa habari, na jina atalitaja mwenyewe akipenda. Sisi tuliotoka Unguja miaka yote hii bado tunalikosea hilo, na wenyewe wanatusamehe wakichekea pembeni.

Nikaingiza gari chini ya mgunga kando ya barabara, nikafungua milango, nikatoa tende na chupa ya kahawa. Chupa nilijua ni tupu. Niliimaliza mwenyewe kabla sijatoka Sur. Nilimimina kwa adabu tu, kama mwenye nyumba anayekukaribisha chakula akiomba Mungu useme umeshiba. Kahawa ikatoka. Ya moto, ina iliki, inatoa moshi.

Akanywa. Akarudisha finjani bila kuitikisa, na huku finjani isiyotikiswa maana yake ni ongeza. Nikaongeza. Akarudisha. Nikaongeza. Mara ya nne ndipo alipoitikisa kwa vidole viwili, kulia kushoto, vizuri kuliko mimi niliyekulia humu. Chupa ilikuwa bado nzito mkononi.

“Haya,” akasema. “Sasa tuulizane habari.”

“Habari zako, bibi?”

“Njema. Watu wangu wako baharini.” Alisema kama mtu anayesema watoto wako shule. “Na weye? Una mtu baharini?”

“Sina,” nikasema.

Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimeshazoea. Mbwa kule nyuma akanyanyuka, akatoa sauti ndogo ya puani, ile anayoitoa mbwa mlango ukifungwa na mwenzake amebaki nje.

Mwanamke hakukasirika. Alisubiri. Nimewahi kusubiriwa na maprofesa, na mahakimu wa ndoa, na mwanangu nje ya mlango. Hakuna aliyenisubiri vile. Hakuwa na haja ya kushinda. Nikasikia nalia, nikasema yote: meli, dhoruba, insha, viatu kwenye ngazi.

“Mtu akiondoka huondoka kakabidhiwa,” akasema nilipomaliza. “Wako ulimkabidhi nani?”

“Sikumkabidhi mtu.”

“Basi yupo kwa yeyote atakayemwokota.”

Maneno hayo aliyasema bila ukali. Ndiyo maana yaliniingia. Nikatoa simu. Nilijua simu ya Rahma haipatikani, nimeshaipiga mara zisizo na idadi. Nikabonyeza kurekodi ujumbe wa sauti, nikaiweka simu kiganjani kama nimeshika msahafu. Nikasema: Rahma mwanangu, mimi mama yako, nimekuwia radhi duniani na akhera, nakuweka amana kwa Mwenyezi Mungu, ambaye amana hazipotei kwake. Nikasema na mengine ambayo ni yetu. Wakati wote ule mgeni wangu alikuwa amenipa kisogo, anatazama matuta ya mchanga. Midomo yake sikuiona. Sauti yake sikuisikia. Hilo nitaliapia mahali popote.

Ujumbe ukatoka, ukabaki na ile alama moja ya kutofika. Mbwa akalala.

“Sasa twende,” akasema.

Tukaenda. Hapo nilikuwa mwepesi na mwendawazimu kidogo, kama mtu aliyetoka homani, na ule usomi wangu ukaamka. Fikiria: kurasa mia na arobaini, na mwenyewe yuko kiti cha pembeni! Nikasema, “Bibi, kahawa umekunywa. Jina?”

“Umelijua kabla hujanifungulia mlango.”

Nikalitamka. Nehalennia. Sauti ilinitoka kama ya mwanafunzi. Yeye hakutikisika, mbwa ndiye aliyesimamisha masikio.

“Na maana yake?” nikauliza. “Tafadhali. Wako watu wazima wamegombana kwa ajili yake.”

Akacheka. Wallahi alicheka, kicheko cha chini cha mwanamke mwenye wajukuu.

“Waliokuwa wakiniita hawakuwa na nafasi ya kuuliza maana,” akasema. “Maji yalikuwa yameshafika hapa.” Akaweka kiganja chini ya kidevu chake.

Nimekaa na wasomi wa majina nusu ya maisha yangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuuliza kina cha maji. Jina lile lilitamkwa kwanza na watu waliokuwa wanameza bahari, na wengi wao walifika pwani wakaenda kutafuta mchonga mawe. Hiyo ndiyo tafsiri. Kamusi zetu zilikuwa kavu mno.

Tulipoipita Ibra, kwenye daraja la wadi moja, bonde la mto uliokauka, lisilo na nyumba karibu, akaniambia nimshushe. Nikamwambia hapa hakuna kitu, bibi. Akasema, “Wewe mwambie mwanao, hata akichelewa kukusikia.” Akashuka, kikapu mkononi. Tunda hakunipa, nami sikuomba. Nimesoma visa vya kutosha vya watu waliopewa matunda. Mbwa akamfuata. Waliteremka mpaka chini ya daraja, wadi ilikuwa changarawe tupu, ukisimama juu unaona pande zote mbili. Nikangojea watokeze upande wa pili. Hawakutokeza. Nikashuka mwenyewe, na viatu vyangu vya chuoni. Chini ya daraja palikuwa na kivuli, na changarawe iliyolowa, pana kama mkeka. Nikaigusa, nikaonja kidole. Chumvi.

Jioni ile Zuwena alinipigia. Mashine imewaka, meli imeingia bandarini, wote wazima. Nilisujudu sakafuni. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaenda kuosha kiti cha nyuma mara saba, moja kwa udongo, kama inavyotakiwa kwa najisi ya mbwa. Jirani yangu akachungulia juu ya ukuta akauliza kulikoni. Nikasema nimemwaga maziwa.

Huo ndio ukawa mtindo. Kwa Zuwena nilisema nilirudi peke yangu. Kwa nafsi yangu nilisema ni jua, ni usingizi, ni chupa ambayo pengine haikuwa imekwisha. Rahma aliporudi likizo alinibusu mkono, akasema, “Nilipata ujumbe wako, Mama,” na mimi nikasema vizuri, nikamuuliza kama atakula wali. Wiki ile ile, mbele ya wageni, mtu mmoja alisifu kwamba binti kasalimika kwa radhi za mama, na mimi nikasema, tena kwa kujiamini, “Nilimpitisha chini ya msahafu mlangoni pale.” Rahma aliangalia ndani ya kikombe chake. Hakunifedhehesha. Miaka minne hakunifedhehesha.

Lakini mwili haudanganyiki kama wageni. Tangu siku ile siwezi kumwona mtu anatoka nyumbani kwangu nisimkimbilie mlangoni. Wanafunzi, mafundi, dada wa kazi anayekwenda dukani. Kijana wa Kibangali anayeleta maji ya chupa nimemweka amana kwa Mwenyezi Mungu mara mbili kwa wiki, naye ananijibu, “Shukran, madam,” na kuondoka upesi kidogo. Wenzangu chuoni wanasema nimezeeka. Waache waseme. Na nikipita Bidiya mchana, napunguza mwendo. Chupa naijaza.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kuna mtu ndani ya nyumba yako amefunga mizigo na nyinyi mmenuniana, ondoka hapo ulipokaa. Usimalize ukurasa huu. Nenda ukasimame mlangoni, umkabidhi kwa Mola wake, halafu mkirudi mgombane. Mimi nilipata wa kunisimamisha njiani. Wewe huna ahadi hiyo.

Ningeweza bado kuendelea kukana. Niliyapanga vizuri maelezo yangu, na ya jua ndiyo yaliyokuwa bora. Ila mwezi uliopita, Jumanne baada ya alasiri, Rahma alinipigia kutoka Sur. Alikuwa kwa Zuwena, anasubiri kupanda meli kesho yake.

“Mama, una nafasi?”

“Kwako ninayo.”

“Ule ujumbe wako wa sauti, wa mwaka ule. Nausikiliza kila nikisafiri. Sijawahi kukwambia.”

“Hukuniambia.”

“Sasa leo nimemsikilizisha Mama Zuwena. Nilimwambia, hapa ndipo unapoitikia wewe. Akaniambia si yeye.”

Nyuma yake nilimsikia dada yangu akipaza sauti: “Mwambie mie nilikuwa jikoni kwangu hapa Sur! Mwambie alitoka peke yake, mlango niliufunga mie!”

“Anaitikia nini?” nikauliza.

“Mama, hukuwahi kuusikiliza?”

“Sikuwahi.”

“Ngoja.”

Akaisogeza simu kwenye simu. Nikajisikia mwenyewe, mwanamke analia chini ya mgunga, upepo unapita. Nakuweka amana kwa Mwenyezi Mungu, ambaye amana hazipotei kwake. Kisha nikanyamaza kuvuta pumzi, na katika ule unyamavu sauti nyingine, nzito, ya karibu kabisa, ikasema, “Amina.” Ikasema kama anavyosema mama yeyote aliyeombwa kushuhudia. Aliyechongewa mawe, akawekewa nadhiri na mabaharia wa nchi nzima, amekaa kwenye gari langu na kikapu chake anaitikia dua ya mwenziwe, hakutaka hata nimsikie.

“Mama?” Rahma alikuwa amerudi. “Upo? Nani yule?”

Zuwena alikuwa amenyamaza, kwa hiyo nilijua anasikiliza. Ndiyo vizuri, asikilize.

“Kaa kitako, mwanangu,” nikasema. “Nitakwambia ni nani. Lakini inabidi nianzie asubuhi ile uliyosimama nje ya chumba changu, na mimi sikutoka.”